Wimbo wa Mama Ozella na Kura ya Mchungaji

Sweetgum, Alabama
13 Agosti 1962

Mpendwa Dada Vernell,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Goti lako linaendeleaje? Na huko Detroit, bado mnapewa jua kwa kipimo? Sisi wazima, ila jino langu moja limeamua kuniacha taratibu.

Uliniagiza nimshawishi mdogo wako Linwood aache uchungaji wa hapa, aje kwako kabla hawajamuua. Nimelishughulikia. Keti kwanza.

Tangu Linwood atangaze kwamba Jumanne atawapeleka watu wetu weusi mahakamani kujiandikisha kupiga kura, Shemasi Tarver hapati usingizi. Bosi wake, yule mzungu wa kiwanda cha mbao, alimwambia kwamba kanisa lenye mchungaji wa namna hiyo huwa linashika moto lenyewe. Nawe unaijua desturi yetu: kila Agosti waumini huamua mchungaji abaki au aende zake. Jana Tarver alinivuta kando mlangoni. "Hosea, leo namrudisha mtoto wa watu kwa dada yake akiwa mzima." Nikamjibu amina. Kwa ajili yako, nilikuwa upande wake.

Kosa lake ni kwamba alifungua mkutano kwa wimbo wa kale, ule ambao yeye hutaja mstari nasi tunaurudia kwa kuuvuta. Ulipokwisha akasafisha koo. Kabla hajatamka neno, Mama Ozella akataja mstari mwingine, na wajua hakuna anayeketi mama wa kanisa akiimba. Tukauvuta. Ukaisha, akataja mwingine.

Dada, sijui nikuelezeje. Mapepeo yalitulia mikononi. Mwanga wa madirishani ulikuwa rangi ya asali, vumbi likielea ndani yake bila haraka ya kutua, na sauti zetu zikawa kama maji mazito yanayotubeba. Nilidhani namsikia marehemu mama yako kwenye benchi lake, wala sikugeuka, nisije nikamkosa. Mistari ya kitabuni ilipokwisha, Mama Ozella akaendelea na ya kichwani mwake. Tarver alijaribu kunyamaza, mdomo ukamkatalia. Aliimba huku jasho likimtiririka.

"Mama, tupumzike basi!" akaomba.

"Pumzika wewe, mwanangu. Mimi nitapumzika kaburini."

Saa ya kumpokea bosi wake stesheni ikafika. Tarver akachukua kofia akatoka, na wale aliowaleta kwa gari lake wapige kura upande wake wakamfuata, maana kwao ni mbali. Hapo ndipo Mama Ozella aliponyamaza. Shemasi aliyebaki akasema wanaomtaka mchungaji wasimame. Sote tulikuwa tumesimama tayari. Ningeweza kuketi, Dada. Sikuketi.

Baadaye nilimkuta Linwood nyuma ya kanisa, nikampa ujumbe wako.

"Detroit nitafanya nini, kaka?"

"Utaishi."

Akacheka kicheko cha baba yenu. "Kwani hapa unaniona nafanya nini?" Kisha akatazama mikono yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa tangu Ijumaa, chakula hakipiti.

"Kesho kutwa unakwenda na nani?"

"Wameahidi wengi. Wa hakika ni Mama Ozella peke yake."

Panzi walikuwa wakilia majanini kana kwamba mji mzima umelala na sisi tumo katika ndoto yake. Nikamuuliza mtu huvaa nini kwenda kujiandikisha. Akanitazama miguuni. "Vaa viatu vya kusimamia, Hosea. Watatusimamisha juani kutwa."

Nisalimie shemeji Roscoe, na Imogene, mwambie apunguze kukua. Mungu akae mlangoni pako usiku na mchana, nawe umwombe apite na huku.

Barua hii ikikufikia, ya kesho yatakuwa yamekwisha kutokea. Usinikasirikie. Ulinituma nikamtoe mtu mmoja, na sasa wa kwenda mahakamani tumekuwa watatu.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata ukininunia,
Hosea