Ndege Haikuchelewa

Dada Perusi, shikamoo.

Naomba wote mlioko Hombolo mnyamaze, kuna tangazo. Miguu yangu, iliyovimba tangu safari ile, leo asubuhi imekubali kuingia kwenye viatu. Ukoo ujulishwe.

Vipi goti lako? Mizabibu mmeshaipogoa? Huku Winnipeg theluji imeanza, na kwa umri huu bado nateleza mbele ya watoto wa shule.

Sasa niache nilalamike. Shemeji alinipigia mara nane: "Kwani ni mbali kiasi gani?" Nikamjibu, kilometa elfu kumi na tatu na ushei, saa kumi na tano hewani kama ndege ingenyoosha moja kwa moja. Akawaambia wakwe wa Joyce kule Mpwapwa saa kumi na tano basi! Kana kwamba ndege inanichukua kitandani na kunitua zizini kwako. Toronto hakuihesabu, Dubai hakuihesabu, wala Dar. Ni karibu siku mbili, dada, magoti kidevuni, katikati ya watu wawili wanaokoroma kwa zamu. Halafu nafika, nawe unanipokea na, "Yohana, hata mwenye baiskeli angekutangulia."

Nilistahili. Nilitarajiwa Ijumaa, nikafika Jumapili. Wakwe walishinda Jumamosi nzima na ng'ombe wao, maana kwetu mahari haipokelewi bila mjomba, kisha wakawaswaga kurudi nao. Nilikuwa nimekupigia kwamba ndege imechelewa, nawe ukasimama mbele yao ukaapa.

Jana Joyce mwanao ameniandikia akilia. Baba mdogo wa mchumba wake amechungulia kwenye simu, kaona ndege ile iliondoka kwa wakati. Sasa wanauliza wataoaje kwa mama anayeapa uongo.

Msalimie shemeji, mwalimu wa hesabu zake mwenyewe, na mama mkubwa mwenye kuniombea kila nikipanda ndege. Yanayofuata wasomee wakwe, kwa sauti.

Tangu nihamie huku, saa yangu ya mkononi inakwenda kwa majira ya Dodoma. Winnipeg nimezoea kupunguza saa kadhaa. Dubai nikajiona nimeshafika jirani, hesabu za nini? Kumbe wenzetu wametutangulia kwa saa moja. Ndege ilikuwa ya saa nne asubuhi. Saa yangu ilisema saa tatu, nami nimeketi na Mrangi mmoja wa Kondoa, anakwenda China kununua vitenge, namwonyesha picha za Joyce.

"Mgogo," akasema, "ile inayosukumwa kule si ya Dar?"

"Haiwezekani. Yangu bado saa nzima."

"Haya, mjomba mtu. Endelea na picha."

Ilikuwa yangu. Iliyofuata yenye nafasi ilikuwa siku mbili baadaye. Niliona haya, mzee mzima, nikakupigia nikaisingizia ndege. Dada aliapa kwa nilichomwambia. Uongo ni wangu peke yangu. Mkikubali siku nyingine, nitakuja wiki nzima kabla.

Ndege iliondoka kwa wakati wake. Mjomba ndiye aliyebaki, hatua ishirini kutoka mlangoni, anakunywa chai.

Mdogo wako asiyejua saa,
Yohana