Namba ya Pikipiki ya Babu

Jumanne, watoto wamelala.

Simwamini huyo mtu. Mume wangu Hassan anasema mimi hushuku kila mgeni mwenye viatu safi. Sawa, lakini simwamini.

Leo amekuja tena, yule wa Nairobi anayetafuta pikipiki za zamani kama hii ambayo babu ya Hassan alirudi nayo kutoka jeshini. Anasema Kenya nzima zimebaki chache sana, na zote anazijua kwa namba ya injini. Hataki kununua, ati. Anataka tu kuibeba na pikapu akaihakikishe, halafu airudishe.

"Mama Nimo, nisomee tu namba, nijue kama ni yenyewe."

Nikaingia bandani na mtoto mgongoni. Sijui ni nini kilinishika. Pikipiki sikuiangalia hata. Nikamsomea namba ya mtungi wa gesi ulioisha.

"Mashallah! Ndiyo hii hii!" akaniitikia kutoka nje. "Nimeitafuta miaka!"

Nilitaka kucheka, nikajizuia.

Jioni nikamwambia Hassan. Akanijibu: "Labda hakusikia vizuri. Wewe nawe, mama, maneno mingi." Na kumbe ameshamkubalia aje kesho asubuhi na pikapu! Kitu pekee watoto wangu watarithi kwa huyo babu, na baba yao anakitoa kwa sababu ya salaam tamu.

Sikubishana. Nimepitisha mnyororo kwenye gurudumu na nguzo ya banda, nikapiga kufuli. Ufunguo nimeuficha chini ya godoro, upande wa Hassan. Ameulalia, anakoroma.