Unyayo Kwenye Majivu

Jumatatu, 6 Machi 1995
Matuta tena! Tangu ruzuku ya mbolea ifutwe, tumerudi kwa jembe la wazee: kata majani, fukia, inama, inuka. Kiuno kinawaka moto. Maumivu yanashuka paja la kulia mpaka kidole gumba cha mguu. Nikiinama, afadhali. Nikisimama wima — balaa!

Jioni natoka jikoni, nyuma yangu: krrr… krrr… Ndala inaburuzwa. Mama mkwe alitembea hivyo. Tulimzika mwaka juzi! Sikugeuka. Nimeogopa, jamani.

Jumatano, 8 Machi
Tena, kibarazani. Nikisimama, naye anasimama. Nimemwambia Zenon, mume wangu. Hakucheka. Anasema mama yake aliondoka na kinyongo. Alipopinda mgongo, kijiji kizima kilimwita mchawi. Zenon kamwaga majivu mlangoni. Anayezunguka ataacha alama.

Alhamisi, 9 Machi
Unyayo mmoja umekaa vizuri. Wa pili mstari tu, umeburuzwa. Zenon kapiga magoti: mama karudi! Debora, binti yetu, kalia.

Jumatatu, 13 Machi
Mjini, Kizwite, zahanati ya binafsi. Daktari Herieth kanigonga magoti kwa kinyundo, kisha kanitembeza koridoni. Krrr. Mchana kweupe! Nimeshika ukuta, nikamwuliza kama amesikia. Akasema ni mguu wako huo, mama.

Mguu wangu! Na alfajiri ile ya majivu ni mimi niliyetoka kwenda chooni.

Kanieleza taratibu. Pingili za kiuno zimelika, mifupa imeota vinundu, neva imebanwa katikati. Ndiyo maana unyayo hauinuki. Kumbe! Mama mkwe hakuwa mchawi. Alikuwa mgonjwa, masikini, akafa na jina baya.

Halafu kakaza sauti: ukipata ganzi sehemu za kukalia, au mkojo ukitoka bila habari, njoo siku hiyo hiyo. Ukichelewa hutatembea tena.

Jumatano, 15 Machi
Zenon hataki kusikia. Nikakanyaga majivu mbele yake. Tazama basi! Mguu mmoja, mstari mmoja. Mimi!

Katazama weee. Kisha, polepole: basi mama ameshakuingia.

Kachukua baiskeli, kaenda kijiji cha Kate kumleta mganga. Nimekasirika mpaka nimelia. Mtu msomi wa Biblia!

Jumamosi, 18 Machi
Nimeamka, godoro limelowa. Nikadhani paa linavuja. Juu pakavu. Nimejifinya paja kwa ndani. Sisikii kitu. Nimejifinya kwa kucha. Bado. Mungu wangu, ndiyo siku yenyewe.

Nimejaribu kusimama, nimeanguka. Baiskeli inaingia uani — Zenon, na sauti ya mtu mwingine. Nimemwita Debora: kimbia barabarani, mwanangu, simamisha lori lolote la mahindi liendalo mjini, mwambie dereva mama yako anapooza!

Hasogei. Yuko mlangoni, nje ya majivu, anaitazama miguu yangu. Nimemwita tena kwa jina. Kapiga goti.

Shikamoo, bibi, kasema.