Maharagi pa Mulango Yetu

Baba Kazadi,

Mulango iko. Naanza na hiyo juu najua njo utauliza kwanza: ile mulango ya mbao yenye ulinunua na pesa ya mugodi ya Mashamba, kabla shimo ikuangukie. Iko, na mabati iko. Lakini ilibaki kidogo tu iende.

Kisha kilio yako kuisha, ndugu zako bakarudi kwao, mi nikaanza tena kuuza tomati ku soko ya Dilala. Batoto beko ku masomo, nyumba peke yake. Siku ya kwanza narudi, nakuta bamama wawili ya paroasi ya Katoliki bameketi pa mulango yetu na beseni ya maharagi, banachagua. Nikasema, haya, banatuletea chakula. Wapi! Nilipofika tu, bakafunga maharagi yao, bakasema pole na kazi, mama, bakaenda nayo. Habakuacha hata punje moja.

Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Nikabapa maji, habakunywa. Nikabapa bukari ya unga ya muhindi, habakula. Nikaogopa. Sisi hatuko Bakatoliki, sasa banatafuta nini kwetu? Mutu mwenye anakataa maji yako, anaficha nini? Nikasema banataka kunigeuza dini. Nikasema banataka nyumba, juu ni ya zamani ya kampuni na batu banaitamani. Nikawaza na bitu ingine mubaya, hiyo siandike. Nilikuwa nasikia sauti yako: "Hapa Kolwezi, kitu ya bure iko na mwenyewe." Nikachimbua mpaka chini ya kizingiti, pengine bamezika dawa. Nilikuta muchanga tu.

Mwisho nikamwambia mukubwa yao, Mama Veronika, mujane mufupi mwenye hachekaki: kesho musikuje. Akaitika, amesikia. Kesho bakakuja.

Ile siku nilirudi mapema, kusudi nibafukuze. Nakuta kamyonete, gari ya kubeba mizigo, mu kiwanja yetu. Yaya yako Banza, kaka yako mukubwa, ule alilia kupita batu yote ku kilio, alikuja na bijana wawili na nyundo ya kungoa mulango na mabati. Alingoja niende soko, mwizi ule. Na bamama wawili bameziba mulango na beseni yao, banachagua maharagi.

"Bamama, mupishe," yaya yako anasema.

"Tata, tukimaliza kuchagua tutapisha," Mama Veronika anajibu, pole pole.

Baba Kazadi, niliona na macho yangu: ilibaki kidogo sana ya kuchagua. Akabeba ile safi, akaimwanga tena mu ile chafu, akaanza upya. Ikaisha, akaimwanga tena! Bajirani bakajaa. Mwenye kamyonete akachoka kungoja, akawasha motere. Yaya yako akaona haya, akapanda.

Mi nikakaa chini, nikalia. Nikabauliza, juu ya nini habakuniambia?

"Ungejua, ungeogopa kutoka," Mama Veronika akasema. "Batoto bangekula nini?"

Yeye, bwana yake alipokufa, alirudi kutoka soko akakuta kuta tu, ndugu ya bwana bamebeba yote. Toka pale, maharagi ya bagonjwa ya paroasi banaichagulia pa mulango ya bajane. Na kwa mujane habakule, habakunywe, juu batu basiseme banakuja kumumalizia unga.

Pasaka, yaya yako alileta kuku. Kuku nilipokea. Yeye alibaki inje.

Sasa mi pia niko na beseni. Kanisa sikubadilisha, habakuniomba, lakini bado nabaangalia. Tuko tunakaa kwa mujane moja kijana, ku njia ya Nzilo. Jana alirudi, akaangalia beseni, akaangalia mikono yangu, akatuletea maji. Nilikuwa na kiu ya kufa. Nikasema hapana, aksanti. Vile aliniangalia, ee Mungu, njo vile nilibaangalia bale bamama.

Lala, baba ya batoto yangu. Mulango yako nitailinda mpaka Kazadi akue, aifunge yeye mwenyewe. Na ile ya huyu mutoto ya batu nitailinda pia. Ameniambia kesho nisikuje. Nitaenda.

Bibi yako,
Mama Kazadi