Pakiti ya Persis

Jumapili, 2 Machi 2025

Nimerudi Nyanchwa kutoka kwa Mama kule Kebirigo. Kuna kitu ananificha. Nilipoingia jikoni alisukuma kikombe nyuma ya birika — mama mzima! Nikakivuta. Maji ya rangi ya kijani, machungu. Ati ni dawa ya presha, kaletewa na Persis wa kanisani.

Dawa gani pakiti yake imeandikwa "antioksidanti" kwa herufi kubwa hivyo? Green tea tu. Na Mama ni Msabato wa kweli: miaka arobaini anachuma chai, hajawahi kuinywa, maana kanisa linaikataza. Sisi tulilelewa kwa kinywaji cha soya. Nikamwambia, Mama, hii ni chai. Akasema Persis kamhakikishia si chai, ni majani ya nchi za nje.

Alipotoka kukama nilifungua kabati. Vidonge vyake vya presha vya mwezi mzima. Havijaguswa.

Jumatano, 5 Machi

Sina raha. Huyu Persis anataka nini? Baba alipofariki alilala kwetu wiki nzima akimfariji Mama, hilo sikatai. Lakini siku hizi kila Sabato mkoba wake umejaa pakiti. Nimempigia simu. Kwa upole akasema mimi mwalimu wa kemia najua ya vitabuni tu. Upole wenyewe ndio naushuku.

Ijumaa, 7 Machi

Wanafunzi walipotoka nilibaki maabara. Kikombe kimoja cha pakiti ya Persis (nilichota kijiko kimoja Jumapili, Mungu anisamehe). Kingine cha majani meusi ya dukani, yale ya kila mtu. Nikatia wanga, nikadondosha iodini. Chai yenye antioksidanti nyingi humeza matone mengi kabla ya kugeuka bluu.

Ya Persis: kumi na tisa. Ya duka: kumi na saba.

Nilicheka peke yangu. Halafu kicheko kikaisha. Matone hayasemi lolote kuhusu presha ya mtu, na Mama hajameza kidonge sijui tangu lini. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi

Niko Kebirigo. Mambo yameharibika.

Nilitoa majani kikombeni mwake, nikayakunjua kwenye sahani. Majani mawili na kichipukizi. Mama akainama, akayageuza kwa kidole gumba, kidole kilichoingia weusi wa utomvu wa chai. Nani hapa analijua jani hilo kumshinda? Kisha akasema, "Hili umelichuma shambani kwangu."

Mimi! Iliniuma. Nikamweleza ya maabara, matone kumi na tisa, kumi na saba. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umepima chai," akasema. "Mimi umenipima lini?"

Wiki nzima nimemfuatilia Persis, na Mama sijamshika hata mkono. Nikakimbia kwa jirani, Nyamusi, kuazima mashine ya presha. 184 kwa 108. Mama anasema mashine ya Nyamusi ni mbovu. Ati turudie.

Naandika hapa mezani tukisubiri dakika tano kabla ya kupima tena. Nimeita gari la kutupeleka hospitali, bado liko njiani. Vidonge nimeviweka kushoto kwake. Kikombe kiko kulia, hajakimwaga, amekifunika kwa sahani.

Sasa ameomba maji. Hajasema ya baridi ya kumezea vidonge, au ya moto ya kuongeza kikombeni.