Kadi Ishirini na Nane za Bwana Vaucourt

Jumatatu, 9 Machi 1896

"Tamthilia zote za dunia zina hali ishirini na nane tu, isiyoingia humo si tamthilia." Hayo kayaandika mhakiki Vaucourt gazetini leo, na kila hali kaitengenezea kadi yake. Ishirini na nane! Kwa nini si ishirini na tisa — vidole vilimwishia? Nisingejali, ila mkurugenzi wetu kayameza mazima. Kuanzia sasa, mswada ninaoupitisha lazima upate kadi mojawapo ya Vaucourt. Miaka kumi na saba nasoma miswada ya ukumbi huu wa michezo, leo nifundishwe kusoma!

Jumatano, 11 Machi

Vaucourt kaja na kisanduku cha kadi. Nikamwekea mezani mchezo wa Clémence, mshona kofia. Kijana kafa vitani Madagaska. Baba kapata barua, mama kaambiwa na askari. Kila mmoja anamficha mwenzake, na kila jioni wanamwekea kijana wao sahani mezani. Basi.

Akachomoa kadi ya tisa: Siri Inayofichuka. Haifichuki, nikasema. Akachomoa ya kumi na nne: Mume Anayedanganywa. Nilicheka hadi Séraphine, mwigizaji wetu mkongwe, akaja kutazama kuna nini, akaisoma kadi.

"Bwana wee, hapo nani kadanganyika?"

Vaucourt akarudi kupekua kadi zake. Séraphine akaendelea:

"Mimi nimekufa jukwaani mara mia nne, bwana. Kila kifo na kikohozi chake, hakuna viwili vilivyofanana!"

Vaucourt akafunga kisanduku. Haina kadi, akasema, si tamthilia.

Sipingi kupanga. Hata vijiko vina droo yake. Lakini kijiko kisipoenea hukitupi — unatafuta droo nyingine! Yeye kahesabu wanayotendeana watu. Wanayonyamaziana hajayahesabu.

Ijumaa, 13 Machi

Clémence kaja, vidole vimejaa alama za sindano. Eti aongeze tukio la kufichua siri, apate kadi ya tisa.

"Ukurasa mmoja tu, Madamu."

"Usiguse hata nukta!"

Nilifoka. Kwangu rahisi kusema hivyo, kwake sivyo: mswada ukikataliwa hapa hausomwi tena, na yeye anao huo mmoja.

Jumamosi, 14 Machi

Saa nane mchana. Kamati ya kuchagua michezo — mkurugenzi, Oudinet na Lebrac — imejifungia na Vaucourt. Mimi koridoni — eti nina sauti kali mno. Kweli ninayo.

Séraphine anachungulia kwenye tundu la ufunguo, ananinong'oneza anayoyaona. Wanausoma mchezo wa Clémence kwa sauti! Oudinet kachukua maneno ya mama, mkurugenzi ya baba. Lebrac kaweka kiko chini. Vaucourt kasema kitu, wao wanaendelea kusoma. Sasa mkurugenzi kasita katikati ya sentensi.

Oudinet, Lebrac, nawe mkurugenzi — msipige kura bado. Someni hadi neno la mwisho. Kisha fungueni mlango huu, mniambie usoni kwamba hamkuona kitu.