Fungu la Kwanza ni la Mbuzi Wako

Hooyo, mama yangu,

Ni mimi, Halima wako. Ulizikwa Habaswein siku ileile uliyofariki, kama inavyopasa, nami nilikuwa nimekwama Garissa, barabara imegeuka ziwa kwa mvua ya El Niño. Sikukuosha kwa mikono yangu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, sitakuficha.

Nakuandikia kutoka pwani, kazini kwangu. Unakumbuka nilipokuletea fungu la nyasi za bahari nililolikausha, ili uone mwanao anapima nini? Ulilinusa, ukatoka nalo nje, ukampa mbuzi mweupe. Ukasema malisho hayajulikani kwa macho, yanajulikana kwa mdomo wa mnyama. Akalimaliza lote kwa ajili ya ile chumvi, nawe ukaenda kuwatangazia wenye maduka kutoka bara kwa Kiswahili chako cha kuokoteza, "Hii mtoto yangu nabima majani ya bahari. Tamu sana." Nilinuna siku nzima. Leo ningekuletea gunia.

Mafuriko yaliyonizuia kufika kwako yaliteremka na mto Tana hadi huku. Yalileta tope, mafuta, mikebe ya dawa za mashamba. Tulipozamia majuzi, palipokuwa kijani palikuwa matope matupu, na kasa waliokuwa wakija kula hapo hatukuwaona. Mkubwa wangu akasema tuandike kwamba nyasi zimekufa, tuhamie kwingine. Nilishaishika kalamu.

Ndipo nikakukumbuka mwaka ule wa ukame, majirani wanafunga mizigo wahame, wewe umechutama unachimba kwa kidole. "Majani ni nguo tu," uliniambia. "Shika mzizi. Ukikataa kutoka, nyasi iko hai."

Nikarudi chini. Nikatia mkono topeni hadi kwenye kiwiko, nikavuta. Mzizi ukakataa kutoka. Nikavuta pengine, ukakataa vilevile. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia, Hooyo, na humo huwezi kujifuta. Mkubwa naye akashuka, akavuta mwenyewe. Tumeandika kwamba nyasi zinaugua, lakini zingali hai, na tutaendelea kuzipima.

Pumzika, mama yangu. Allah akupe nuru huko uliko. Barabara ikipitika nitakuja kukaa karibu nawe na kukuombea. Kaka anasema mbuzi mweupe yungali hai, na ukaidi wake ni uleule.

Nyasi zikichipua, fungu la kwanza halitapelekwa maabara. Nitamletea yeye. Akila, nitaamini zimepona.